Chuma na Nguo Yake: Historia ya Rangi ya Motokaa

Somo la redio kwa vikundi vya kusikiliza, Muleba

Natumaini kila kikundi kimekwisha kuketi, na katibu ameshika daftari na kalamu yake. Wale walioketi mbali na redio wasogee kidogo, maana leo tuna safari ndefu.

Somo letu limetokana na swali. Kijana mmoja wa hapa Muleba amenunua motokaa ya spoti iliyokwisha kutumika Japani. Ninyi mnazijua motokaa za namna hii: ni fupi, tumbo lake li karibu na ardhi, magurudumu yake ni mapana, na mashine yake ina nguvu kuliko haja ya barabara zetu. Kijana huyu aliweka akiba kwa miaka mingi, akaongeza mkopo wa chama cha kuweka na kukopa, kisha akaifuata Dar es Salaam. Siku ilipofika hapa iling'aa hata mtu angeweza kunyoa ndevu mbele ya mlango wake. Haikupita miezi sita, pua yake ikawa na madoadoa kama uso wa mtu aliyepona ndui, na ubavuni mikwaruzo mitupu. Sasa anauliza: "Kosa ni la rangi, ni la barabara, au ni langu mimi?"

Wengine watacheka na kusema kwamba hayo ni maswali ya watu wenye fedha. Msicheke. Ukiwa na baiskeli, au pikipiki ya kubebea abiria, au bati juu ya nyumba yako, swali hili ni lako pia. Tena fedha za kijana huyu si za mchezo. Ni kazi ya miaka yake, na deni bado halijaisha. Basi ili tumjibu vema, inatupasa tuulize kwanza: rangi ya motokaa ni kitu gani, na imetoka wapi? Tutaanzia hapa hapa nyumbani.

Chuma hutaka kurudi kwao

Karibu na mji wa Bukoba, mahali paitwapo Katuruka, watu waliyeyusha chuma yapata miaka 2,000 iliyopita. Katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia Mmarekani, Peter Schmidt, alichimba huko na kukuta mabaki ya matanuru ya kale. Tena hakutosheka na kuchimba. Aliwaendea wazee wa Kihaya ambao walikuwa bado wanaukumbuka ufundi huo, nao wakamjengea tanuru, wakavukuta mbele ya macho yake. Mwaka 1978 yeye na mwenzake Donald Avery waliandika habari hizo katika jarida la Science, na wataalamu wa nchi nyingi wakasoma juu ya ufundi wa wahunzi wa Buhaya.

Wahunzi wale walifanya nini hasa? Walichukua mawe mekundu yaliyo na chuma ndani yake, wakayatia katika moto mkali wa makaa. Ndani ya mawe yale chuma kimefungamana na sehemu moja ya hewa, iitwayo oksijeni. Moto wa makaa huivunja ndoa hiyo. Oksijeni hutoka, chuma hubaki peke yake, ndipo jembe na mkuki hupatikana.

Lakini chuma hakisahau kwao. Kikipata maji na hewa huanza kufungamana tena na oksijeni, kidogo kidogo, bila moto na bila kelele. Hiyo ndiyo kutu. Tazameni rangi yake: ni nyekundu, kama udongo wa barabara zetu, na udongo wetu ni mwekundu kwa sababu hiyo hiyo ya chuma kilichofungamana na oksijeni. Motokaa iliyoachwa kwenye mvua inarudi udongoni, ingawa mwenyewe haoni.

Na mvua sisi tunayo. Bukoba hupata wastani wa milimita 2,000 hivi kwa mwaka, karibu mara mbili ya Dar es Salaam. Mvua hii ndiyo inayotupa ndizi na kahawa, nasi tunaishukuru, lakini hiyo hiyo hukishawishi chuma usiku na mchana. Kwa hiyo, katibu, andika jambo la kwanza: rangi ya motokaa kwanza ni nguo ya chuma, halafu ndipo iwe pambo. Uzuri tunaousifu ni faida ya ziada.

Mng'aro uliochimbwa pwani

Sasa tuondoke Buhaya, tushuke mpaka pwani ya Bahari ya Hindi, tuone nguo hiyo ilishonwa kwa kitu gani hapo zamani.

Katika misitu ya pwani yetu kuna mti utoao utomvu mzito unaoganda kama kioo cha manjano. Utomvu huo huitwa sandarusi. Ule uliotoka mtini karibuni haukuwa na thamani kubwa. Uliotafutwa ni ule wa miti iliyokufa zamani, uliozikwa mchangani miaka mingi mno hata ukawa mgumu kama jiwe. Wazaramo na watu wengine wa pwani waliuchimba kwa majembe na kwa mikono, toka sehemu za Bagamoyo hadi Rufiji na Kilwa. Wafanyabiashara waliununua kwa bei ndogo, wakaupeleka Unguja. Katika karne ya 19 sandarusi ilikuwa miongoni mwa bidhaa kubwa za Unguja, pamoja na pembe za ndovu na karafuu.

Nani aliinunua? Wengi walikuwa Wamarekani wa mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts. Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said, na mwaka 1837 balozi wao mdogo wa kwanza, Richard Waters, akafika Unguja. Meli za Salem zilileta nguo za pamba, nazo zikaitwa merikani, jina ambalo bibi zetu walilitumia bila kujua lilikotoka. Zilipogeuka kwenda kwao zilichukua sandarusi. Kule Salem ilioshwa kwa magadi, mchanga ukatoka, kisha ikauzwa kwa watengenezaji wa vanishi.

Vanishi ilipikwa hivi: sandarusi iliyeyushwa kwa moto mkali, ikachanganywa na mafuta ya mbegu za kitani, halafu ikazimuliwa kwa tapentaini. Vanishi iliyopikwa kwa sandarusi ya Unguja ilisifiwa sana kwa ugumu wake. Ndiyo maana waliitaka watengenezaji wa vinanda na, zaidi ya hao, watengenezaji wa magari ya farasi. Gari la farasi hupita katika matope na kokoto. Kwato za farasi hurusha mawe. Tajiri wa Boston au London alitaka gari lake ling'ae, naye fundi wake alijua kwamba vanishi laini itakwaruzika siku ya kwanza.

Wakati Karl Benz wa Ujerumani alipopata hati ya motokaa yake, mwaka 1886, hapakuwa na rangi ya motokaa duniani. Motokaa ilirithi nguo ya gari la farasi. Mafundi walipaka rangi ya mafuta kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, wakasugua kila tabaka likisha kukauka, na mwisho wakapaka vanishi. Kazi hiyo ilichukua majuma kadhaa kwa motokaa moja. Hata hivyo, baada ya muda vanishi ilififia na kupasuka kwa jua, ikabidi ipakwe upya.

Hapa nataka mfikiri kidogo. Mzaramo aliyeinama shimoni kutafuta sandarusi hakuwahi kuuona mlango ule unaong'aa, wala hakuna aliyemweleza kwamba jasho lake lilikuwa likizuia mawe ya barabara za Ulaya. Ilivyokuwa ni kwamba mali ya nchi iliondoka, na maarifa ya kuitumia hayakurudi pamoja na nguo za merikani. Leo motokaa imetufikia na mng'aro wake. Tukiipokea tena bila maarifa, tutakuwa tumenunua kitu ambacho hatuwezi kukitunza.

Kutoka majuma hadi saa

Sandarusi ilishindwa na nini? Ilishindwa na haraka. Henry Ford alitaka motokaa nyingi kwa siku moja, na rangi ya majuma isingemfaa. Toka mwaka 1914 hadi 1925 aliiuza motokaa yake ya Model T kwa rangi nyeusi tu, ambayo ilikauka upesi katika tanuru.

Ndipo ikaja laka ya kemikali. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kampuni ya DuPont ya Marekani ilikuwa na maarifa mengi juu ya pamba iliyotiwa asidi, ambayo ndiyo iliyotumika kutengenezea baruti. Kwa pamba hiyo wakapata laka iitwayo Duco, na kiwanda cha General Motors kikaanza kuitumia mwaka 1923 kwa motokaa zake ziitwazo Oakland. Laka hii ilipulizwa kwa bomba la hewa, ikakauka upesi, na ikaweza kuwa ya buluu, nyekundu au kijani. Kazi ya majuma ikawa kazi ya siku chache, kisha ya saa.

Lakini kila nguo ina udhaifu wake. Laka ile ilikuwa kavu, na jiwe likiipiga iliruka kama ganda la yai. Wataalamu wakaendelea kutafuta. Katika miaka ya 1930 zikaja rangi za kuokwa motoni, zilizo imara zaidi. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Ford ilianza kuzamisha bodi nzima katika birika la rangi ya kwanza na kupitisha umeme, rangi ikajishika hadi ndani ya pembe ambazo brashi haifiki. Kiwanda cha Porsche kikaanza, kwa motokaa zake za mwaka 1976, kutumia mabati yaliyozamishwa katika zinki. Zinki hukubali kuliwa kwanza ili chuma kisiliwe. Tangu miaka ya 1980 viwanda vingi vimekuwa vikipaka rangi kwanza, kisha juu yake vanishi isiyo na rangi, ambayo mafundi wetu wa gereji huiita kliya.

Basi motokaa ya kijana wetu ina tabaka nne: rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ya pili ya kulainisha, ya tatu yenye rangi tunayoiona, na ya nne ile kliya. Mnadhani unene wa zote kwa pamoja ni kiasi gani? Ni kama sehemu ya kumi ya milimita moja, au kupita kidogo. Mwambie mtoto akuletee daftari lake la shule, ushike ukurasa mmoja kwa vidole viwili. Huo, wasikilizaji, ndio unene wote uliopo kati ya mvua na chuma kilichogharimu akiba ya miaka.

Mashindano ya Safari

Haya, sasa twende tukaone nguo hii ilivyojaribiwa katika nchi zetu wenyewe, mbele ya macho ya dunia.

Mwaka 1953, kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, yalianzishwa mashindano ya motokaa yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakaitwa East African Safari Rally. Kwa miaka mingi yalifanywa wakati wa Pasaka, na ninyi mnajua Pasaka ni wakati gani: ni masika. Siku moja vumbi, siku ya pili matope hadi magotini. Mwaka 1963 motokaa 7 tu ndizo zilizomaliza, na mwaka 1968 ikawa vivyo hivyo, 7 tu.

Watu wa Afrika Mashariki waling'ara hapo. Joginder Singh, fundi na dereva wa Kenya, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo, akashinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano. Na hapa tunazifikia motokaa za spoti zenyewe. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 240Z, motokaa fupi ya milango miwili, na mwaka 1973 Mehta na Lofty Drews wakashinda kwa motokaa ya aina hiyo hiyo. Porsche nao walileta 911 zao mara nyingi. Mwaka 1978 Vic Preston mdogo wa Kenya alishika nafasi ya pili kwa 911, lakini kushinda hawakushinda.

Ukitazama picha za motokaa hizo utaona somo letu limeandikwa juu yake. Mbele pana vyuma vya kukinga. Taa zina wavu. Chini ya mashine pana bamba nene la kupokea mawe. Nyuma ya magurudumu yananing'inia mapande makubwa ya mpira, ili jiwe linalorushwa na gurudumu lisiipige bodi. Bodi nyingine zimeinuliwa kutoka ardhini kuliko zilivyotoka kiwandani. Waliokuja na motokaa za spoti katika barabara zetu walijua kwamba umbo lile halikukusudiwa kokoto.

Kwa nini motokaa ya spoti huumia kuliko lori? Sababu ni tatu. Kwanza, pua yake iko chini, palepale mawe yanaporuka. Pili, magurudumu yake mapana na laini huokota kokoto na kuzitupa ubavuni. Tatu ni mwendo. Nguvu ya pigo la jiwe haiongezeki kwa kadiri ya mwendo tu. Ukienda kwa kilomita 80 kwa saa badala ya 40, mwendo umekuwa mara mbili, lakini nguvu ya pigo imekuwa mara nne. Dereva huliendea jiwe kwa nguvu yake mwenyewe, kisha hulilaumu jiwe.

Lakini liko jambo moja katika mashindano yale ambalo vijana wengi hawaliangalii. Madereva wa viwanda hawakuwa wakitunza rangi. Walikuwa wakitunza mashine ifike mwisho. Motokaa ilitakiwa iishi siku chache tu, halafu mafundi wa kiwanda wangeivua yote na kuivika upya. Motokaa ya kijana wetu haina kiwanda nyuma yake. Inatakiwa iishi miaka kumi hapa Muleba. Akiiga mwendo wa Safari bila kuwa na mafundi wa Safari, ameiga nusu, tena ile nusu yenye hasara.

Ngozi iliyotoka vitani

Katika siku zetu upo ulinzi mwingine, nao umetoka vitani. Wakati wa vita vya Vietnam, helikopta za Marekani ziliumizwa na mchanga na vijiwe vilivyopiga mapanga yake yakizunguka. Kampuni ya 3M ikatengeneza utando wa plastiki ngumu inayonyumbuka, uitwao poliyurethini, ukabandikwa kwenye makali ya mapanga. Baadaye watu wa mashindano ya motokaa wakaubandika kwenye pua za motokaa zao, na hatimaye ukafika katika motokaa za watu wa kawaida.

Utando huu ni mwangavu, rangi huonekana chini yake. Jiwe likija, plastiki hubonyea na kurudi, haivunjiki kama rangi kavu. Aina nyingine, zikikwaruzwa kidogo, hujiponya zenyewe kwa joto la jua. Lakini bei yake ni kubwa, na anayeubandika lazima awe fundi. Kwa hiyo wenye busara huubandika mahali panapoumia tu: pua, sehemu ya mbele ya boneti, vioo vya pembeni, na chini ya milango.

Upo pia mpako uitwao wa seramiki, unaouzwa kwa sifa nyingi. Huufanya uchafu usishike na maji yateleze. Hilo ni kweli. Lakini asikudanganye mtu kwamba utazuia jiwe. Ni mwembamba mno. Nta ya motokaa nayo hufanya kazi ya namna hiyo hiyo kwa bei ndogo, ila haidumu.

Jeraha dogo

Sasa tumekwisha kuona historia yote: sandarusi, laka, rangi ya umeme, zinki, kliya, utando. Kwa miaka zaidi ya mia watu wenye akili nyingi wametafuta ngozi ya chuma isiyojeruhika, na mpaka leo hawajaipata. Kila walichofanya ni kupunguza majeraha. Kwa hiyo kazi inayobaki ni ya mwenye motokaa: kuliziba jeraha kabla mvua haijaliona.

Jiwe likipasua rangi, tundu huwa dogo kama punje ya mtama. Mtu huliona, akasema, "Si kitu." Maji huingia, kutu huanza. Na kutu ina desturi moja mbaya: huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo hutambaa chini ya rangi na kuiinua, nje rangi ikionekana nzima. Baada ya masika mawili utabonyeza kwa kidole, nacho kidole kitazama. Ndipo utalipa kukata bati na kuchomelea, ambapo hapo mwanzo ungetumia njiti ya kiberiti. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii wazee waliisema kwa ajili ya nyumba, lakini inafaa kwa boneti.

Kazi yenyewe ni rahisi. Kila motokaa ina kibao chenye namba ya rangi yake, kwa kawaida kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti. Chukua namba hiyo kwa muuza rangi, akuchanganyie kichupa kidogo. Osha mahali penye jeraha, pakaushe, pafute kwa spiriti. Ikiwa kutu imeanza, ipanguse kwa kipande kidogo cha msasa laini mpaka chuma king'ae. Kisha kwa ncha ya njiti tia tone la praima, likauke; tone la rangi, likauke; tone la kliya. Halitakuwa zuri kama la kiwandani, lakini tumesema rangi kwanza ni nguo. Ukikosa vyote siku hiyo na mawingu yametanda, hata rangi ya kucha isiyo na rangi itakusaidia kwa siku chache.

Mikwaruzo nayo tuijue. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha usiponasa, mkwaruzo uko katika kliya, na polishi inaweza kuuondoa. Lakini kumbuka kwamba polishi huondoa mkwaruzo kwa kula kliya yenyewe, na kliya haifiki hata nusu ya ule unene wa ukurasa wa daftari. Anayepiga polishi kila mwezi anaivua motokaa yake polepole. Ukucha ukinasa, mkwaruzo umeshuka chini, fanya kama tulivyofanya kwa jeraha la jiwe.

Na mikwaruzo mingi haitoki barabarani. Inatoka nyumbani. Vumbi letu jekundu limechanganyika na chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko kliya. Mtu akichukua kitambaa kikavu na kulifuta, amepiga msasa. Kwanza mwaga maji mengi, vumbi liondoke lenyewe. Kisha tumia ndoo mbili, moja ya sabuni ya motokaa na moja ya kusuuzia kitambaa, tena kitambaa laini. Usitumie sabuni ya unga ya kufulia, wala steliwaya ya sufuria. Usiiingize motokaa ziwani kuiosha. Mchanga wa ufukweni utaikwaruza, mafuta yake yatawafikia wanaochota maji, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Vijana wasiegemee boneti wakiwa na vifungo vya chuma vya mikanda, wala gunia la kahawa lisipumzishwe juu yake hata kwa dakika moja.

Barabarani, kaa mbali na lori lililo mbele. Barabara kuu inayopita Muleba sasa ina lami, lakini njia nyingi za kwenda vijijini ni za changarawe. Unapoiacha lami, acha na mwendo wa lami. Funga mipira nyuma ya magurudumu kama wale wa Safari. Hiyo ndiyo nusu ya kuiga.

Jibu kwa kijana wetu

Aliuliza kosa ni la nani. Jibu langu ni hili. Rangi haina kosa, maana unene wake ni wa ukurasa mmoja na haikuahidi zaidi. Barabara haina kosa, maana changarawe ni changarawe. Kununua motokaa hiyo si kosa pia. Mtu ana haki ya kupenda kitu kizuri alichokitolea jasho. Lakini madoadoa yale yamekwisha kuwa wazi kwa muda, na mvua za vuli hazimngoji mtu. Kesho asubuhi achukue njiti na kichupa, ainame mbele ya pua ya motokaa yake, ayahesabu majeraha moja moja na kuyaziba. Kosa lake litaanza siku atakayoyaona na kuyapita.

Na nyote mlio na baiskeli, pikipiki na mabati, fanyeni vivyo hivyo.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Eleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini kutu ina rangi kama ya udongo wetu.

2. Sandarusi iliondoka pwani ikarudi ikiwa mng'aro wa motokaa. Ni mali gani nyingine ya wilaya yetu inayoondoka leo bila maarifa ya matumizi yake kubaki nasi?

3. Madereva wa Safari walitunza nini, nawe yakupasa utunze nini? Toa sababu za tofauti hiyo.

4. Kila mwanakikundi atazame kitu kimoja cha chuma nyumbani kwake kabla ya mkutano ujao, ahesabu majeraha yake, na kueleza ameyafanyia nini.

Katibu aandike majibu na kuyaleta kama kawaida.